Bombshell: Siku Studio Ilipojianika

Oktoba 1933, studio ya MGM, ambayo ilijigamba kuwa na nyota wengi kuliko walioko mbinguni, ilipeleka kwenye majumba ya sinema ya Marekani filamu inayoonyesha jinsi nyota hao wanavyotengenezwa, wanavyochungwa, wanavyokamuliwa na wanavyonyimwa hata usingizi. Filamu hiyo ni Bombshell. Mwongozaji ni Victor Fleming, waandishi ni John Lee Mahin na Jules Furthman, na mwigizaji mkuu ni Jean Harlow, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22. Ina urefu wa dakika 96, na ni shida kuipata dakika moja ambayo watu wote wamefunga midomo. Wanabishana wakivaa, wanabishana wakila, wanabishana garini, na mara nyingi watatu wanasema kwa pamoja.

Wasikilizaji wanaopenda komedi ya aina hii, ile ya purukushani na maneno ya kasi, wamezoea kuanza kuihesabu mwaka 1934, Frank Capra alipotoa It Happened One Night na Howard Hawks akatoa Twentieth Century. Bombshell ilitangulia kwa miezi kadhaa, na mambo yote yamo: mwanamke mwenye ulimi mkali, mwanamume mjanja anayemzidi kete, nyumba iliyojaa wendawazimu, na mapenzi yanayojificha ndani ya ugomvi. Mhadhara huu unaitetea kwa sababu nyingine, kubwa kuliko kutangulia. Hii ni filamu ya ajira. Inamtazama nyota wa sinema kama mfanyakazi, inaonyesha nani anamtuma, nani anakula jasho lake na kwa nini hawezi kuacha kazi. Na iliweza kusema hayo yote kwa sababu watazamaji walikuwa wanacheka.

Ili kicheko hicho kieleweke, ni lazima kwanza ieleweke mikataba. Katika miaka ya 1930 biashara ya filamu Hollywood ilishikwa na kampuni chache. Tano kubwa, yaani MGM, Paramount, Warner Bros., Fox na RKO, zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki majumba ya kuzionyesha. Mwigizaji aliyeonekana ana mvuto alisainishwa mkataba wa hadi miaka saba. Lakini miaka hiyo saba ilimfunga upande mmoja tu. Kila baada ya kipindi fulani, mara nyingi miezi sita au mwaka, studio ilikuwa na hiari ya kumwendeleza au kumwacha. Mwigizaji mwenyewe hakuwa na hiari yoyote. Akikataa filamu aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku alizosimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Studio iliweza pia kumkodisha kwa studio nyingine na kubaki na faida. Clark Gable alifika kwenye It Happened One Night kwa njia hiyohiyo: MGM ilimwazima kwa Columbia.

Juu ya hayo kulikuwa na kifungu cha maadili. Kilienea baada ya mwaka 1921, mchekeshaji Roscoe Arbuckle alipoingia kwenye kesi iliyotikisa Hollywood nzima. Kifungu hicho kiliipa studio haki ya kumfukuza mtu ambaye mwenendo wake umeleta aibu. Na kwa kuwa aibu ni jambo la magazeti, kila studio ilikuwa na idara ya habari na matangazo yenye kazi mbili zinazopingana: kuzima habari za kweli na kuwasha habari za kutunga.

Ndani ya Bombshell, idara hiyo ina sura ya mtu mmoja, Space Hanlon. Anaigizwa na Lee Tracy, mwembamba, asiyetulia, mwenye sauti ya kukwaruza na vidole visivyokoma kunyooshea watu. Vijana wa leo wa Dar es Salaam wangemtambua mara moja: Hanlon ni fundi wa kiki. Nyota wa studio, Lola Burns, akiwa na mchumba mwenye cheo cha markizi kutoka Ulaya, Hanlon anafanya mpango jamaa akamatwe, kisha anahakikisha wapigapicha wapo. Lola akipanga kupumzika, Hanlon tayari ameshawaambia waandishi mahali alipo. Hana chuki naye. Kwa hakika anampenda, na hilo linazidisha ubaya, maana anaamini kwa moyo mweupe kwamba jina la Lola likikosekana kwenye ukurasa wa mbele kwa wiki moja, Lola atakuwa amekufa.

Sasa itazamwe asubuhi ya kwanza ya filamu, kwa sababu humo ndimo Fleming na waandishi wake walipoweka kila kitu. Kabla ya asubuhi hiyo, skrini imefurika picha za Lola: magazeti ya udaku, matangazo ya vipodozi, umati, watu wanaomtazama midomo wazi. Halafu tunaingia chumbani. Mwanamke huyohuyo amelala na hataki kuamka. Anaamshwa alfajiri, anakumbushwa ratiba, watu wanaingia na kutoka, kila mmoja na shida yake. Kuna mbwa watatu wakubwa wenye manyoya mpaka machoni. Baba yake, anayeigizwa na Frank Morgan, amerudi kutoka kwenye ulevi wa usiku kucha na bado anajiona mzee wa heshima anayesimamia mali ya binti yake. Kaka yake anaishi kwa kamari na madeni. Katibu wake, Mac, anaendesha nyumba kwa faida yake. Lola anachumia juani, wao wanalia kivulini, na hakuna hata mmoja anayeona haya.

Katika asubuhi hiyohiyo yumo Loretta, mtumishi wa ndani, aliyeigizwa na Louise Beavers. Lola anamuuliza juu ya vazi la kulalia alilompa. Loretta anajibu kwamba limeraruka alipokuwa mapumzikoni. Mac anapojaribu kumkemea, Loretta anamgeuzia kibao: asimpandishie mvuke, maana anajua siri zote za nyumba hiyo zimefukiwa wapi. Ni dakika chache tu, lakini zinastahili kuangaliwa mara mbili. Hollywood ya wakati huo iliwapa waigizaji weusi wa kike karibu kazi moja tu, kazi ya utumishi, na Beavers aliirudia katika filamu nyingi mno. Hapa angalau mtumishi ana siku yake ya mapumziko, ana starehe zake, na anawajua mabwana wake kuliko wanavyojijua. Mwaka uliofuata Universal ilimpa nafasi kubwa katika Imitation of Life, na hapo kila mtu aliona ukubwa wa kipaji kilichokuwa kinafichwa nyuma ya aproni.

Siku hiyo Lola anakwenda studio kurudia baadhi ya picha za filamu inayoitwa Red Dust. Hapo watazamaji wa 1933 walitikisa vichwa, kwa sababu Red Dust ilikuwa filamu ya kweli. MGM iliitoa mwaka 1932, mwongozaji akiwa Fleming huyohuyo, mwandishi Mahin huyohuyo, na Harlow akiwa ndani ya pipa la maji ya mvua katika onyesho lililosemwa nchi nzima. Studio ilikuwa inaweka duka lake lenyewe dirishani.

Na haikuishia hapo. Bombshell ilitokana na tamthilia ya jukwaani ya Caroline Francke na Mack Crane ambayo haikuwahi kuonyeshwa, na iliyokuwa ya huzuni. Ilipofika MGM iligeuzwa kuwa vichekesho, na nyama mpya ilitoka kwenye kumbukumbu za Fleming. Katika miaka ya 1920 yeye alikuwa mchumba wa Clara Bow, nyota mkubwa wa Paramount, na alimwongoza katika Mantrap ya 1926 na Hula ya 1927. Nyumba ya Bow aliijua: baba aliyekula fedha za binti yake, marafiki wasiokwisha, na katibu, Daisy DeVoe, ambaye mwaka 1931 alisimama mahakamani Los Angeles kwa kesi ya wizi wa mali za mwajiri wake. Kesi hiyo iliyamwaga magazetini maisha yote ya ndani ya Bow. DeVoe ndiye aliyeshitakiwa, lakini jina lililochafuka ni la Bow. Muda mfupi baadaye akaachana na Paramount, akahamia shambani Nevada na mumewe Rex Bell, na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka huohuo wa 1933.

Kwa hiyo filamu inamcheka Clara Bow? Wengi wamesema hivyo. Lakini ukimtazama Harlow akiigiza, jibu linakuwa gumu, kwa sababu kila kilichomhusu Bow kilimhusu na yeye. Harlow alizaliwa Kansas City tarehe 3 Machi 1911, akaitwa Harlean Carpenter. Jean Harlow lilikuwa jina la mama yake kabla ya kuolewa. Mama huyo alikuwa na ndoto ya sinema, hakuifikia, na binti akaibeba ndoto pamoja na jina. Baba wa kambo, Marino Bello, aliishi kwa mapato ya binti na kuyaingiza kwenye biashara zisizoeleweka. Mkataba wa Harlow ulikuwa wa Howard Hughes, aliyemtoa katika Hell's Angels ya 1930. Mwaka 1932 MGM iliununua kwa dola 30,000. Tajiri mmoja alimlipa tajiri mwingine, na mwenye sura na mwili alihama kama sehemu ya mali.

Septemba 1932, wakati Red Dust inapigwa, mume wake Paul Bern, mtayarishaji wa MGM, alikutwa amekufa nyumbani kwao kwa risasi. Wakubwa wa studio walifika kwenye nyumba hiyo kabla ya polisi kuitwa. Siku chache baadaye Harlow alirudi kazini kuimalizia filamu. Mwaka mmoja baada ya hapo, akiwa Lola Burns, anaambiwa arudie picha za Red Dust, na anafanya hivyo akitania. Hakuna mtazamaji wa siku zile ambaye hakuwa amesoma habari za Bern. Septemba 1933 Harlow alikimbilia Yuma, Arizona, akafunga ndoa na Harold Rosson, mpigapicha wa Red Dust na mmoja wa wapigapicha wa Bombshell. Ndoa haikumaliza hata mwaka.

Hilo ndilo linalomfanya Harlow awe mkubwa katika filamu hii. Hakujifanya mhanga. Anapopandisha hasira, sauti yake inapanda mpaka inapasuka, mikono inarusha chochote kilicho karibu, halafu ghafla anatulia na kuuliza swali la kitoto linalovunja mbavu. Katikati ya filamu anawageukia wote waliomzunguka, baba, kaka, katibu, na kuwaambia waziwazi kwamba ni kupe wanaomnyonya na kwamba hana chake. Hotuba ile ni ya kuchekesha kwa mwendo wake tu. Ikisomwa polepole, hakuna cha kucheka.

Kinachoileta hotuba hiyo ni mtoto. Baada ya kuhojiwa na mwandishi wa jarida la akina mama, Lola anaingiwa na hamu ya kulea. Anakwenda kwenye kituo cha watoto yatima, anampenda mmoja, anaomba kumchukua, na wakaguzi wanapanga kuja kuiona nyumba. Lola anajiandaa kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuwa nao. Hanlon anapopata habari anashituka kwelikweli: studio imetumia fedha nyingi kumuuza Lola kama bomu, nani atanunua bomu linalobembeleza mtoto? Siku ya ukaguzi ikifika, waandishi wa habari wanamiminika, wanaume wanaomgombea Lola wanavaana, na baba na kaka wanaingia wakiwa chakari. Wakaguzi wanaondoka. Mtoto haji.

Lola anakimbilia jangwani. Huko anakutana na Gifford Middleton, anayeigizwa na Franchot Tone, kijana wa ukoo mkongwe wa Boston, anayeongea kwa lugha ya washairi, anayesifia nywele zake kwa maneno ya ajabu na, muhimu kuliko yote, anayesema hajawahi kusikia jina la Lola Burns. Kwa mara ya kwanza mtu anampenda bila kuiona sinema. Wazazi wa Middleton wanakuja, watu wa heshima sana. Kisha baba na kaka wa Lola wanatokea, aibu inafumuka, Middleton na wazazi wake wanaondoka pua juu, na Lola aliyetukanwa anarudi studio akiitetea kazi yake kwa machozi.

Halafu anagundua. Gifford na wazazi wake wote walikuwa waigizaji. Hanlon ndiye aliyewakodi.

Kwa maoni ya mhadhara huu, hapo ndipo Bombshell inapoingia katika daraja la juu la vichekesho vya Marekani. Hata mahali pa kukimbilia palikuwa pamepangwa. Mapenzi nje ya studio, tabaka lisilojali sinema, jangwa lenyewe: vyote vilikuwa seti. Na katika dakika za mwisho, Lola akiwa ameshalainika na yuko garini na Hanlon, inafichuka kwamba hata kichaa mmoja aliyekuwa akimfuata kila mahali akidai ni mume wake alikuwa kwenye orodha ya malipo ya Hanlon. Filamu inaishia kwenye ugomvi mwingine. Waandishi wangeweza kumaliza kwa busu. Walikataa, na uamuzi huo ni wa kweli kuliko busu lolote.

Lakini filamu ina mpaka wake, na ni haki kuusema. Lawama yote inabebwa na Hanlon, ambaye naye ni mwajiriwa. Wenye studio hawaguswi kwa uzito wowote, na mkataba wa Lola hausomwi kamwe. Kimya hicho kina maana mtu akikumbuka mwaka wenyewe. Machi 1933, benki za Marekani zilipofungwa, studio ziliwakata wafanyakazi asilimia 50 ya mishahara kwa wiki nane. Huko MGM, mkuu wake Louis B. Mayer mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wafanyakazi kuomba kukubaliwa, machozi yakimtoka. Aprili waandishi waliunda chama chao. Katikati ya mwaka waigizaji nao wakaunda chao, na Oktoba, mwezi uleule Bombshell ilipotoka, nyota wakubwa walimiminika kujiunga. Hakuna hata tone la hayo ndani ya filamu. Mahin mwenyewe, aliyempa Lola ile hotuba ya kupe, mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama kingine cha waandishi, kilichopendwa na wenye studio na kilichokusudiwa kukidhoofisha kile cha kwanza. Mwaka 1938 waandishi walipiga kura, na chama cha Mahin kikashindwa vibaya.

Filamu nyingine zilizoicheka Hollywood katika muongo huo zilichagua shabaha tofauti. Once in a Lifetime ya Universal, 1932, iliwacheka mabwana waliotaharuki sauti ilipoingia kwenye sinema. Boy Meets Girl ya Warner, 1938, ilikuwa na James Cagney na Pat O'Brien kama waandishi wawili watundu. Iliyokwenda mbali kuliko zote kwa upande wa wafanyakazi ni Stand-In ya 1937, ambamo Leslie Howard ni mtu wa benki kutoka New York anayetumwa kukagua studio inayopata hasara, na anafundishwa na Joan Blondell, mwigizaji wa akiba, kwamba tarakimu zake ni watu. Ni filamu yenye moyo. Hata hivyo haina Harlow, na bila mtu anayejua kwa mwili wake ladha ya mambo hayo, somo linabaki somo.

Yaliyofuata baada ya Bombshell ni kama filamu iliendelea kuigizwa nje ya skrini. Mwezi mmoja tu baada ya kutoka, Lee Tracy alikuwa Mexico akipiga Viva Villa! Ilidaiwa kwamba akiwa roshanini amelewa aliwatusi askari waliokuwa wakipita kwenye gwaride. Wenyeji walichukia, magazeti yakalipuka, na MGM ikaufuta mkataba wake mara moja na kumpa Stuart Erwin nafasi yake. Fundi wa kiki wa kwenye filamu alitolewa kafara na mafundi wa kweli, na hakurudi tena kwenye kilele alichokuwa amefika.

Wengine walipanda. Mwaka 1939 Fleming aliongoza The Wizard of Oz, Rosson akashika kamera, na Frank Morgan, yule baba mlevi wa Lola, akawa mchawi mwenyewe.

Harlow alifariki tarehe 7 Juni 1937 kwa figo kushindwa kufanya kazi. Alikuwa na miaka 26, na filamu yake Saratoga ilikuwa haijakamilika. MGM ilifikiria kumweka mwigizaji mwingine na kuanza upya, lakini mashabiki walitaka kumwona yeye. Basi matukio yaliyobaki yalipigwa na Mary Dees, akionyeshwa kwa mgongo au uso ukiwa umefunikwa, huku Paula Winslowe akitoa sauti. Filamu ilitoka mwezi uliofuata na iliingiza fedha nyingi.

Mikataba yenyewe ilisimama miaka mingine kadhaa. Bette Davis alijaribu kuikwepa mwaka 1936 kwa kwenda kufanya kazi Uingereza. Warner ilimshitaki London na ikashinda. Aliyeivunja ni Olivia de Havilland, mwigizaji mwingine wa Warner, ambaye mwaka 1943 alikwenda mahakamani California kupinga siku za kusimamishwa kuongezwa kwenye miaka yake saba. Kesi ikiendelea, studio zilimfungia milango na hakuweza kupata kazi. Desemba 1944 mahakama ya rufaa iliamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda, iwe mwigizaji alifanya kazi au alisimamishwa, na baada ya hapo aachwe huru. De Havilland akaenda Paramount kwa hiari yake, akaigiza To Each His Own, na filamu hiyo ikampa Oscar.